Mshale Usio na Alama

Watengenezaji wa silaha wana desturi moja ambayo sisi watu wa mashairi ingetufaa tuitazame kwa karibu, nayo ni desturi ya kuzipa silaha majina. Chukua, mathalani, kombora lile ambalo mtu mmoja hulibeba begani, akalielekeza angani, akaifyatulia ndege. Warusi walipotengeneza lao la kwanza, likaingia jeshini mwaka 1968, waliliita Strela, yaani mshale. Lililofuata wakaliita Igla, na maana yake ni sindano. La karibuni ni Verba, jina la mti uotao kando ya maji ukainamisha matawi kama mtu aliyefiwa. Wamarekani walianza na Redeye, Jicho Jekundu, kisha wakaleta Stinger, ambayo ni mwiba wa nyuki. Waingereza walikuwa na Blowpipe, mwanzi wa kupulizia vishale, na baadaye Javelin, mkuki mwepesi wa kurusha. Wafaransa lao ni Mistral, upepo wa baridi uvumao kwao kutoka kaskazini, kama vile sisi tungetengeneza silaha tukaiita Matlai. Wapoland wana Grom na Piorun, ngurumo na radi. Wachina walipouiga mshale wa Kirusi waliuita Hongying, shada jekundu lifungwalo shingoni mwa mkuki, na Wamisri walipouiga wao wakauita Ayn al-Saqr, Jicho la Kipanga.

Wapakistani wana Anza. Mswahili akilisikia jina hilo atadhani ni amri ya kuanza, na pengine atacheka. Lakini ni ile anaza ya Kiarabu, mkuki mfupi, ule uliokuwa ukisimikwa mbele ya Mtume uwanjani siku ya Idi ili uwe sutra ya sala yake. Mkuki uliowekwa mchangani ili watu wapite nyuma yake wasimkatize mwenye kusali, ndilo jina lililochaguliwa kwa kitu cha kuangushia ndege.

Orodha hii sikuikusanya kwa mapenzi ya silaha. Sijapata kushika bunduki, na katika umri huu wa miaka hamsini na ushei sina nia. Niliikusanya kwa sababu ya sentensi moja. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikifasiri, kwa Kireno nilichojifundisha mwenyewe kwa kamusi na subira, baadhi ya maandishi ya vita vya ukombozi vya Guinea-Bissau. Katika ukurasa mmoja mpiganaji anasema kwamba waliisubiri Strela kama watu wa kijiji wanavyosubiri mvua. Sentensi nyepesi, mtoto wa shule angeifasiri. Lakini kalamu yangu ilisimama kwenye neno Strela, ikakaa hapo wiki tatu. Je, niandike Strela, jina la kiwandani, msomaji wa Kiswahili alipite kama anavyopita jina la dawa? Au nifanye kazi yangu ya ufasiri hadi mwisho niandike mshale, kwa kuwa ndiyo maana yake, na aliyelitoa jina hilo alitaka lisikike hivyo?

Ili ugumu huo ueleweke, hapana budi kwanza niseme walichokuwa wakikisubiri.

Guinea-Bissau ni nchi ndogo ya mito, mabwawa na mikoko, ambayo mtu wa pwani yetu angejiona nyumbani. Chama cha PAIGC kilianza vita vya bunduki dhidi ya Ureno mwaka 1963. Kiongozi wake, Amílcar Cabral, alizaliwa Bafatá mwaka 1924, akakulia visiwa vya Cape Verde, akawa mtaalamu wa kilimo. Na katika ujana wake alikuwa mshairi, jambo ambalo wanaoandika juu ya siasa zake hulitaja kwa haraka kama vile lilikuwa maradhi ya utotoni. Hadi kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 wapiganaji wake walikuwa wakishika sehemu kubwa ya mashamba na misitu. Lakini juu hawakuwa na kitu. Mbingu ilikuwa ya Ureno. Ndege zilikuja mchana zikaangusha mabomu ya moto juu ya mashamba ya mpunga, na helikopta zilishusha askari popote zilipotaka. Mtu aliyekuwa huru ardhini alikuwa mtumwa mara tu aliposikia ngurumo ya injini.

Cabral aliiomba Urusi ya Kisovyeti silaha ya kuondoa dhiki hiyo, na vijana wake wakapelekwa huko kufundishwa. Yeye mwenyewe hakuyaona matokeo. Alipigwa risasi Conakry usiku wa tarehe 20 Januari 1973. Miezi miwili baadaye, tarehe 25 Machi, ndege ya vita ya Kireno aina ya Fiat G.91 ilipigwa na Strela ikaanguka. Rubani wake alijirusha kwa mwavuli akaokolewa. Siku tatu baadaye ikaanguka nyingine, na hiyo rubani wake akafa. Aprili zikafuata ndege nyingine. Marubani wakabadili namna yao ya kuruka, na misaada ya angani kwa ngome za mbali ikapungua. Mwezi Mei askari wa Kireno waliihama ngome ya Guiledje. Tarehe 24 Septemba mwaka huo huo, PAIGC ikatangaza uhuru huko Madina do Boé, na mwezi Aprili wa mwaka 1974 maafisa wa jeshi la Ureno, wengi wao waliochoshwa na vita hivyo vya Afrika, waliipindua serikali ya Lisbon.

Sioni haya kusema kwamba niliposoma habari hizo nilifurahi. Nilijiona nimeketi mikokoni pamoja na mpiganaji yule, natazama juu, na kwa mara ya kwanza aliye juu ndiye mwenye hofu. Na kwa furaha hiyo, neno mshale lilikuwa tamu mno kwa kalamu yangu.

Hebu tukitazame kitu chenyewe. Ni bomba la urefu wa mita moja na nusu hivi, na pamoja na kombora lililomo ndani uzito wake ni wa mtungi mdogo wa maji, kilo 15 au pungufu. Kombora ni jembamba, unene wake sentimita 7 na kidogo, na baruti iliyo kichwani haifiki kilo mbili. Mbele kabisa kuna jicho lisiloona sura wala rangi wala bendera, linaona joto. Mpigaji huielekeza silaha kwenye ndege, na jicho lile likiukamata moto wa injini humpa ishara. Akifyatua, roketi ndogo hulisukuma kombora nje ya bomba, kisha roketi kubwa huwaka mbele kidogo ili mpigaji asiungue uso. Tangu hapo yeye hana kazi tena. Kombora hulifuata joto peke yake, na mtu anaweza kuwa amekwisha kugeuka na kukimbia kabla halijafika. Strela za mwanzo ziliweza kuikimbiza ndege kwa nyuma tu, pale moto unapotokea, na jicho lake lilikuwa dhaifu hata jua liliweza kulihadaa. Likikosa, baada ya sekunde kumi na kitu hujilipua lenyewe angani.

Sasa liweke hilo kando ya mshale wetu. Kiswahili hakina umaskini katika jambo hili. Tuna uta, na upote wake uliosokotwa. Tuna podo, nyumba ya mishale. Mshale wenyewe una wano, ambao ni uti wake, na una chembe, ambayo ndiyo ncha, na tuna kigumba kwa ncha ya chuma. Tuna manyoya ya kuuongoza na tuna sumu ya msunguti ya kuumalizia kazi. Vijana wengi wa leo hawayajui maneno haya hata kwa kusikia, na huenda karne hii ikaisha nayo yakaisha. Lakini kila mojawapo la maneno hayo lina mkono wa mtu ndani yake: aliyekata, aliyenyoosha juu ya moto, aliyepaka, aliyevuta. Kombora, kwa upande wake, limo katika kamusi zetu tangu karne ya 19, toka enzi ya mizinga na manowari. Si neno geni. Ila ni neno la kitu kinachokujia, si la kitu unachokiokota ukajua ni cha nani.

Jambo hili la kujua ni cha nani sikulibuni mimi. Nilifundishwa, na aliyenifundisha alikuwa mtu aliyefiwa.

Wenyeji wa Mombasa wanaikumbuka Alhamisi ya tarehe 28 Novemba 2002. Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, asubuhi ile ambayo mji huchelewa kuamka kwa sababu ya kisimamo cha usiku na daku. Ndege ya shirika la Arkia la Israeli, aina ya Boeing 757, iliondoka uwanja wa Moi kuelekea Tel Aviv ikiwa na abiria zaidi ya 260. Kutoka mahali si mbali na uwanja ilifyatuliwa Strela mbili. Zote mbili zilikosa. Waliokuwamo waliona michirizi ya moshi ikipita, kisha ndege ikaendelea na safari yake ya saa tano, na mwishoni ikasindikizwa na ndege za kivita hadi ikatua salama.

Karibu wakati huo huo, gari lililojazwa baruti lilivunja kizuizi cha hoteli ya Paradise huko Kikambala, kaskazini ya kisiwa, likalipuka mbele ya mapokezi. Wageni waliowasili asubuhi hiyo kwa ndege ile ile walikuwa wakiandikisha majina. Kikundi cha ngoma cha wenyeji kilikuwa kikiwachezea ngoma ya kuwakaribisha. Waliouawa, ukiwatoa waliolipua, walikuwa 13: Waisraeli watatu, wawili kati yao watoto, na Wakenya 10. Baadhi ya Wakenya hao walikuwa wachezaji wa ile ngoma.

Dunia iliizungumza ndege. Nasema hivi bila ya kumlaumu mtu. Ndege ilikuwa kubwa, watu walikuwa wengi, na ilikuwa jambo jipya la kutisha kwamba ndege ya abiria, mbali na uwanja wowote wa vita, ingeweza kufanyiwa hivyo. Mataifa yaliitisha mikutano, wataalamu wakapima uwezekano wa kufunga vifaa vya kinga katika kila ndege ya abiria, na Mombasa ikaingia katika vitabu vya kijeshi kama mfano wa kufundishia. Katika vitabu hivyo Kikambala hutajwa kwa sentensi moja, na ngoma haitajwi.

Mwaka mmoja baadaye, baada ya Idi, alinijia nyumbani mzee mmoja wa Kigiriama kutoka upande wa Kikambala. Nilikuwa kijana wa miaka thelathini na ushei, nikiuza madaftari na kalamu mchana na kutunga usiku, na jina langu lilikuwa limeanza kusikika kwa mashairi ya harusi na ya maombolezo. Mzee alitaka shairi la kumkumbuka jamaa yake, mmoja wa waliokuwa wakicheza. Alikuwa na hela mfukoni amezifunga kwenye leso. Nilimwambia aziweke kwanza, tuzungumze.

Katika mazungumzo nikamweleza nilichokuwa nimekipata kwa jirani yangu mmoja, baharia mstaafu aliyepata kusoma Odessa: kwamba silaha iliyofyatuliwa uwanja wa ndege siku ile huitwa, kwa lugha ya walioitengeneza, mshale. Nilidhani ni jambo la kumpendeza, kwamba litafaa katika shairi. Mzee alinitazama kwa muda.

“Mshale, mwanangu?” akasema. “Hao wamekudanganya.”

“Ndilo jina lake, baba.”

“Jina waweza kumpa mbuzi ukamwita simba. Mshale una alama.”

Akanieleza. Kwao, tangu zama za wawindaji, kila mtu alichora alama yake kwenye mshale wake, mkato au mikato miwili au duara, na watu wa mji walizijua. Mnyama akipigwa akakimbia akafia mbali, atakayemkuta atauangalia mshale atajua nyama ni ya nani. Na akipigwa mtu, alama ni ile ile. Hakuna wa kusema si mimi. Mshale ukishauachia, akasema, umetia sahihi.

Sikuwa na la kumjibu. Wagiriama hawakufunzwa mshale vitabuni. Hawa ndio waliomfuata Mekatilili wa Menza walipokataa kodi na kazi ya kulazimishwa, na Waingereza walipoilipua Kaya Fungo kwa baruti mwaka 1914, walitoka na nyuta zao mbele ya bunduki. Kama kuna watu katika pwani hii wenye haki ya kusema lipi ni mshale na lipi si mshale, ni wao. Na watu wao ndio waliouawa Kikambala asubuhi ile ambapo kule uwanjani kilirushwa kitu kilichoazima jina la silaha yao.

Maneno ya mzee yule yalinirudia miaka mingi baadaye, kalamu iliposimama juu ya sentensi ya Guinea. Nikaanza kukitumia kipimo chake. Kila niliposoma habari ya silaha hii, niliuliza: alama ya nani?

Guinea jibu lilikuwa rahisi. PAIGC walisema ni sisi, na hii ni ndege ya vita, na huu ni mto wetu. Lakini kipimo chenyewe si cha kubembeleza mtu. Tarehe 3 Septemba 1978, wapiganaji wa ZIPRA waliiangusha kwa Strela ndege ya abiria aina ya Viscount, iliyotoka Kariba kwenda Salisbury, ambayo leo ni Harare. Waliokuwamo walikuwa watu 56. Watu 38 walikufa ndege ilipoanguka, na wengine 10 walionusurika waliuawa kwa risasi pale pale chini. Joshua Nkomo alijitokeza redioni akasema ni watu wake walioiangusha, akidai ndege hizo zilitumiwa na jeshi, ila akakana kwamba ndio waliowaua walionusurika. Februari 1979 ikaangushwa Viscount ya pili, na wote 59 waliokuwamo wakafa. Alama ilikuwapo, na mwenyewe aliisoma kwa sauti yake. Sababu ya vita vile naijua na naiamini. Rhodesia ilikuwa nchi ya dhuluma. Lakini nikikumbuka nilivyofurahi mikokoni, hujiuliza kama ningekaa majanini karibu na Kariba ningeona nini pale juu. Jicho la kombora lingeona kitu kimoja mahali pote pawili. Joto.

Kisha kuna Kigali. Hapa hadithi inaanzia pwani yetu, kwa kuwa ndege ile iliondoka Dar es Salaam. Tarehe 6 Aprili 1994 viongozi wa nchi zetu walikutana huko kuzungumza juu ya amani ya Burundi na Rwanda. Jioni Rais Juvénal Habyarimana alipanda ndege yake ndogo aina ya Falcon 50, na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi akasafiri naye. Walipokuwa wakikaribia kutua Kigali, baada ya saa mbili za usiku, ndege ilipigwa kwa makombora ya begani. Wote 12 walikufa, na vipande vya ndege vikaangukia uani mwa nyumba ya rais mwenyewe. Usiku ule ule vizuizi vikawekwa barabarani na mauaji ya Watutsi yakaanza, pamoja na Wahutu waliokataa kushiriki. Kwa siku mia hivi waliuawa watu laki nane au zaidi.

Nataka niwe mwangalifu hapa, kwa sababu wapo wapendao kusema kwamba kombora lile ndilo lililoleta yale mauaji. Mapanga yalikuwa yamekwisha kugawiwa. Orodha zilikuwa zimekwisha kuandikwa, na redio ilikuwa imekwisha kuwafundisha watu kumwita jirani mende. Hakuna kombora linaloweza kuandika orodha. Lakini ni kweli pia kwamba silaha ya kubebwa begani, mikononi mwa watu wachache, iliwapa wenye orodha saa waliyokuwa wakiingoja. Na alama? Mwaka 2006 hakimu wa Ufaransa aliwaelekezea kidole wapiganaji wa RPF. Mwaka 2010 kamati ya uchunguzi ya Rwanda ikawaelekezea maafisa wenye siasa kali wa jeshi la serikali iliyoangushwa. Mwaka 2012 wataalamu waliotumwa na mahakimu wengine wa Ufaransa walihitimisha kwamba makombora yalitoka upande wa kambi ya Kanombe. Mwaka 2018 faili likafungwa bila ya kesi kusikilizwa. Mmoja wa mishale mizito kuliko yote iliyorushwa katika bara hili, na hakuna aliyejitokeza kusema ni wangu.

Kwa Mombasa, alama iliyopatikana ilikuwa ya aina nyingine. Mabomba yale yaliachwa majanini, nayo yalikuwa na namba za kiwandani. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walizifuata, na katika ripoti yao ya mwaka 2003 walieleza kwamba silaha zile zilipitia Somalia, zikaingizwa Kenya kwa njia ya bahari. Niliposoma hayo niliduwaa kidogo. Njia hiyo naijua. Ndiyo iliyotuletea tende, mazulia, chumvi na papa mkavu, na kwa njia hiyo hiyo zilisafiri tenzi, kutoka mkono hadi mkono, chini ya matanga. Watu wa al-Qaida walijitangaza kuwa ndio waliotenda. Baadhi ya waliotajwa kupanga waliuawa Somalia miaka ya baadaye, mmojawapo akiwa mzaliwa wa mji wetu huu. Wakenya walioshtakiwa Nairobi waliachiliwa mwaka 2005 kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Namba za kiwandani zinakwambia chuma kilitoka wapi. Mkato wa kwenye wano ni kitu kingine, na mzee wangu asingevichanganya viwili hivyo.

Sentensi ya Guinea hatimaye niliiandika hivi: Strela, kama walivyoiita wenyewe. Niliandika hivyo baada ya kugundua kwamba wapiganaji wale, waliozungumza Kikrioli na Kibalanta na Kimandinka, na wenye maneno yao wenyewe ya uta na mshale, hawakulifasiri jina lile. Waliliacha la kigeni. Pengine ilikuwa shauri ya haraka ya vita tu. Mimi napenda kudhani kwamba walikuwa wakiihifadhi mishale yao. Mhariri aliyeupitia mswada aliniuliza kwa nini sikuweka maelezo, nami nikamwambia msomaji ataona kinachofanywa na kitu hicho katika ukurasa unaofuata, na hayo yatamtosha.

Wapo watakaosema huu ni ubishi wa watu wa maneno, na kwamba aliyepigwa hajali alichopigwa nacho kinaitwaje. Labda. Lakini aliyetoa jina alijali. Kuna mtu aliketi mezani, mbele yake michoro ya bomba na jicho lenye kuona joto, akatafuta katika lugha yake neno zuri kuliko yote la kitu kinachoruka, akalichukua. Hakuchukua neno baya. Washairi wa Kirusi nao walikuwa nalo kabla yake, na sasa wanalo nusu. Vita vya Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022, vijana wetu wa Mombasa walikuwa wakiyataja majina Stinger na Javelin vibarazani kama wachezaji wa mpira, ijapokuwa Javelin inayotajwa siku hizi ni nyingine, ya Kimarekani, ya kupigia vifaru. Hata mikuki imekuwa mingi kwa jina moja.

Shairi la mzee nililimaliza kwa siku nne. Halikuwa refu, beti 12, mizani ya kawaida, na jina la jamaa yake likiwa katika kituo cha kila ubeti, kama alivyoomba. Nilitia ngoma, na njuga, na vumbi linaloinuka asubuhi kabla jua halijawa kali. Nilitia wageni wanaoshuka garini hawajui waweke wapi mikono yao wanapochezewa. Neno mshale halimo, wala kombora.

Alikuja kulichukua Ijumaa baada ya sala, ingawa yeye si Mwislamu. Alisema alijua saa hiyo atanipata. Nilimsomea mara mbili. Mara ya pili alikuwa akitikisa kichwa kufuata mizani. Kisha akaikunja karatasi mara nne, akaiweka ndani ya kofia yake, akavaa.

“Nzuri,” akasema. “Ila ndege haimo.”

“Ndege ilifika, baba,” nikamwambia.